Risasi za Majivu ya Delbert

Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja kuzama Verna alipousukuma mlango wa pikapu kwa nyonga, taratibu, usilie. Mbweha wa Wyoming husikia mlango wa gari kabla mwenye gari hajashuka. Mdogo wake, Arlo, alikuwa ameshatangulia kilimani, amelala kifudifudi katikati ya vichaka vya kijivu, filimbi ya kilio cha sungura mdomoni.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kila mwaka. Aprili kondoo wanazaa, na mbweha nao wana watoto wa kulisha. Wiki ile walikuwa wamebeba wanakondoo tisa. Verna alikuwa na kondoo mia mbili na hakuwa na kitu kingine chini ya mbingu. Wakiisha, ataenda mjini kuosha vyombo vya watu, na miaka yake sitini na moja.

Kisichokuwa cha kila mwaka kilikuwa ndani ya boksi la risasi.

Mumewe, Delbert, alikufa Desemba. Moyo ulimsimama akiwa anamtukana mbwa. Aliacha karatasi moja, kaipigilia msumari juu ya meza yake ya kujazia risasi kwa mkono, ganda, baruti na kichwa. Achomwe. Majivu yatiwe kwenye risasi. Risasi zikaue mbweha. Wako wawindaji wengi wanaoomba kuagwa hivyo; hata mchungaji aliisoma karatasi akacheka.

Verna yeye alitaka kuyamwaga majivu kwenye banda la kuku.

"Kuku wamekukosea nini?" Arlo alimuuliza. "Tumfanyie tu, dada. Neno la marehemu hilo."

"Marehemu hakuomba. Ameagiza, kama alivyozoea."

Basi wakakaa mezani. Arlo ni mtu ambaye ukimpa risasi tatu achague moja, chakula kitapoa, kitaota ukungu, yeye bado anapima. Ganda hili limechoka shingo, baruti hii inachafua mtutu, kichwa hiki kinayumba kwenye upepo. Lakini safari hii hakuwa na la kuchagua. Delbert alishachagua. Aliandika kichwa chepesi, chenye ganda jembamba kama la yai, pua yenye tundu. Kinaingia kwa kitobo cha penseli, kinapasuka ndani kuwa mchanga, na upande wa pili hakitoki. Wauza ngozi hukipenda hicho, maana ngozi yenye matundu mawili ni dekio.

"Ngozi, Aprili?" Verna alisema. "Manyoya yanapukutika kama ya paka mzee. Nani atainunua?"

"Labda mazoea tu."

"Delbert hakuwahi kuihurumia ngozi ya mtu."

Arlo akachukua ganda jingine. Alijua kuna mwaka dada yake alikula kwa mrija wiki sita, akawaambia watu alipigwa teke na ng'ombe. Alijua pia kwamba mwaka ule hapakuwa na ng'ombe pale.

Walijaza kumi na mbili. Chembe ya majivu kwenye tundu la pua, tone la nta ya mshumaa juu yake, basi. Yaliyobaki wakapewa kuku.

Sasa Arlo akapuliza. Sungura wa uongo akalia kilimani kama mtoto aliyebanwa kidole. Akanyamaza. Akalia tena.

Mbweha akatokea bondeni, dume, mnene, anakuja kwa mshazari akinusa upepo. Verna akamwacha asogee. Alipogeuza ubavu, akavuta.

Paa...

Kisha ule mlio mwingine, mzito, wa risasi kukuta nyama. Mbweha akaanguka hapo hapo, miguu yote minne, kama nguo iliyodondoka kwenye kamba.

"Nenda salama, shemeji," Arlo alinong'ona, akavua kofia.

Walishuka kumwangalia. Kitobo kidogo nyuma ya bega. Upande wa pili hakuna kitu. Damu hakuna. Verna akainama, na pua yake ikakutana na harufu ambayo haikupaswa kuwapo. Tumbaku ya mdomoni, ile ya mnanaa aliyotafuna Delbert. Na dizeli.

"Umeanza kutafuna tumbaku?" akamuuliza mdogo wake.

"Mimi? Tangu lini?"

Mbweha akafungua macho.

Hakuruka. Hakukimbia. Alijiinua kidogo kidogo, kama mtu anayetoka kitandani kwake, akajikung'uta, akamtazama Verna. Arlo hakumtazama hata kidogo. Halafu akaenda zake kwa kutembea, katikati ya njia ya gari, kuelekea nyumbani.

Arlo alipiga mbili nyuma yake. Zote zilimpata, walizisikia zikiingia. Hakugeuka.

Kulikuwa na lango pale chini. Mbweha hana habari na malango, hupita chini ya waya. Huyu alisimama mbele ya lango. Akaunyanyua mnyororo kwa meno. Akaingia.

Kisha akalirudishia.

Waliporudi hawakumwona popote. Ila alfajiri, Verna alipotoka na ndoo, mbwa alikuwa amelala chini ya ngazi, fuvu limepasuliwa kama nazi. Na zizini kondoo saba walikuwa wamesimama kimya wakidondosha mate mekundu.

Hawakuliwa. Koo zao zilikuwa nzima. Mbweha huuma koo, mtoto wa miaka mitatu huko anajua hilo.

Wote saba walikuwa wamevunjwa taya. Upande wa kushoto.

Verna alikaa juu ya ndoo. Mkono wake ulipanda wenyewe ukashika shavu la kushoto, pale mfupa ulipoungana vibaya. Baadaye akasimama, akaleta bastola, akawapiga mmoja mmoja kichwani, maana kondoo asiyetafuna hafi leo, anakufa Jumapili. Jioni alikuwa na damu hadi viwikoni na hakuwa amelia.

Usiku wa pili wakavunjwa kumi na mmoja. Siku ya tatu Arlo akahamia kwake, na sanduku lake la vichwa vya risasi.

"Sasa nisikilize," Verna alimwambia. "Usinicheke."

"Nani anacheka?"

"Kwa nini Delbert alichagua kichwa kile?"

Arlo akakuna kidevu. "Kinaingia hakitoki."

"Haya. Kimeingia. Na yeye alikuwa ndani yake. Sasa yuko wapi?"

Kinundu cha kuni kikapasuka jikoni. Arlo alitazama dirishani, kisha mikono yake.

"Dada, mimi nimemaliza darasa la kumi."

"Na mimi la sita. Kwani anayevunja kondoo zangu taya ana shahada?"

Hapo Arlo akafungua sanduku. Alikuwa na kitu cha kufanya, na mtu mwenye kitu cha kufanya hupumua vizuri zaidi. Alitoa vichwa akavipanga mezani. Hiki hapana, chepesi. Hiki kina madini laini ya risasi ndani, kitavunjika mfupani. Hiki labda. Mwisho akashika kimoja kirefu, shaba tupu, hakina ganda wala moyo.

"Hiki hata ukimpiga nyati wa mbuga ya serikali kinatokea upande wa pili na kuendelea na safari. Kitamfungulia mlango wa nyuma."

"Kijaze."

"Viwili. Kimoja cha akiba."

Akapima baruti punje kwa punje kwenye mizani ndogo. Verna alimwona akipangusa jasho, na nje barafu ilikuwa bado mitaroni.

Walikubaliana hivi. Arlo akae ghala la nyasi, upande wa kulia wa uwanja, na taa. Asitoke, liwe liwalo. Verna akae jikoni, mlango wazi, bunduki juu ya meza. Walijua atakuja mlangoni. Delbert miaka thelathini na nne alikuja mlangoni saa hiyo hiyo, giza likiingia, na nyumba nzima ikajua kwa hatua zake jioni itakuwaje.

Kukawa giza-giza. Kondoo wakanyamaza wote kwa mara moja.

Harufu ikatangulia. Mnanaa... dizeli... na chini yake uvundo, maana mwili ule wa mbweha ulikuwa umekufa siku tatu.

Kisha hatua kwenye changarawe.

Alitokea kona ya zizi la kuzalia. Manyoya yalikuwa yamemtoka viganja viganja. Tumbo limevimba, mdomo mweusi kwa damu iliyokauka. Akaja hadi katikati ya uwanja akasimama ubavu, kana kwamba anampa shabaha. Nyuma yake mbao za zizi, na ndani ya zizi, Verna alijua, kondoo wawili tu.

Akageuza kichwa. Akamtazama taya.

"Leo huingii," Verna alisema, akavuta.

Mlio ukazunguka uwanja mzima. Mbweha akapasuka upande wa pili, tundu la ngumi, akamwaga funza na maji na kitu kama vumbi la kijivu. Akaanguka, na mara hii akaanguka kama mzoga, bila uzito wowote. Harufu ya mnanaa ikakatika kama uzi.

Verna alivuta pumzi. Ya kwanza kamili tangu alipoolewa.

Ndipo mtu akalia ndani ya zizi.

Alikimbia. Arlo alikuwa amelala kwenye majani makavu, paja la kulia limechanika mbele, damu inaruka kwa mapigo, akiwa ameshika ubao uliotobolewa kama anataka kuuomba msamaha.

"Nilikwambia usitoke." Verna alikuwa anafunga mkanda juu ya jeraha, anakaza kwa goti. "Nilikwambia, Arlo."

"Uliniita."

"Sikukuita."

"Uliita, dada. Ulisema njoo huku zizini, upesi. Sauti yako kabisa..."

Meno yake yalikuwa yanagongana. Verna akapitisha mkono chini ya paja kutafuta pa kutokea. Kichwa cha shaba, kilichompenya mbweha, lazima kitoke, Arlo mwenyewe alisema. Alipapasa nyama yenye joto juu na chini. Akapapasa tena, polepole, kidole kwa kidole.

Ngozi ya nyuma ilikuwa nzima.

"Imetoka?" Arlo aliuliza. "Niambie imetoka."

Alimpeleka hospitali kwa mwendo ambao pikapu ile haijawahi kuuona. Daktari, kijana mwenye miwani, alisema shaba imekaa kando ya mshipa mkubwa, kuichokoa ni kumuua, iache. Watu wanaishi na vyuma mwilini mpaka uzeeni. Akasema pia mtu akipoteza damu nyingi hubadilika tabia kidogo, hulala vibaya, huwa na hasira, na hayo hupita. Huenda ni kweli. Daktari kasoma.

Arlo akapona nyumbani kwa Verna, maana hakuwa na mke. Kondoo hawakuguswa tena. Kwa wiki tatu alikuwa Arlo, analalamikia uji, anapima baruti kitandani. Wiki ya nne akaacha kupima. Alikuwa anakaa mezani kimya, na Verna akigeuka kutoka jikoni anamkuta anamtazama. Siku moja alimshika mkono kwa sababu ya kahawa iliyopoa, akaukaza mpaka vidole vikawa vyeupe, halafu akautazama mkono wake mwenyewe kama umeletwa na posta.

Alasiri moja ya Juni, jua kali, alimfuata Verna aliyekuwa akianika mashuka. Macho yalikuwa yake. Verna aliyajua, ndiye aliyemlea.

"Sina muda mrefu hivi nilivyo," alisema kwa kunong'ona. "Yule wa ndani anasinzia mchana. Nisikilize. Siku ikifika, usitumie kile chepesi."

"Nyamaza, Arlo."

"Tumia cha shaba, kile cha akiba. Kipo kwenye kopo la vifungo. Na nyuma yangu pasiwe na mtu, dada. Wala mbwa, wala kondoo, wala ndege juu ya waya. Hakikisha pana kilima tu."

Verna alibana shuka la mwisho. Alitaka kumwambia anaweweseka. Alitaka kumwambia aingie ndani, ale.

"Kile cha mashariki kina udongo laini," alisema. "Hakina hata shimo la panya. Nilikwenda kukiangalia Jumatatu."