Sauti ya Kathure, Sura ya Linda

Picha ilikuwa inashuka polepole kwenye kompyuta ya Mahmood, mwenye duka la intaneti pale Makutano. Kwanza nywele, halafu paji la uso. Wimbo ulikuwa umeshaanza kusikika, na Kathure, mjamzito wa miezi saba, alikaa mbele yake akitabasamu kwa sababu sauti ilikuwa yake. Mahmood alikuwa amemweleza kwamba Wameru walioko Amerika wanausikiliza wimbo huo kwenye intaneti, na kwamba tajiri mmoja wa huko amemwalika mwimbaji aende akawaimbie.

Macho yalipotokea, Kathure aliacha kutabasamu.

"Huyu si mimi," alisema.

Mahmood aliangalia tumbo lake, akaangalia mlango. Chini ya picha palikuwa na jina la Linda.

Kathure alimjua Linda. Misheck, mchumba wake Kathure, ndiye aliyerekodi wimbo ule katika studio yake ndogo ya kaseti, na ndiye aliyemtambulisha Linda kule kwao Karurumo, akisema ni binamu yake. Tumbo lilipoanza kuonekana, Misheck alimrudisha Kathure kwa wazazi wake Timau. Alimsihi apumzike, akaahidi kupeleka miraa ya posa kwa baba yake, kama desturi ya Wameru, kabla mtoto hajazaliwa. Kathure alingoja huko kwenye baridi miezi yote hiyo, mpaka jirani alipomwambia kuwa wimbo wake umefika ng'ambo.

Aliomba simu ya Mahmood.

"Misheck, niko kwa Mahmood. Nimeona."

"Nilikuwa nikuambie."

"Uniambie nini?"

"Kathure, kaseti watu walikuwa wananunua sauti. Huko kwa intaneti mtu anaona kwanza, ndio asikilize. Ningeweka picha yako na hiyo tumbo?"

"Hii tumbo ni ya nani?"

"Sijakataa mtoto."

"Na Linda ni binamu yako?"

Nyuma ya Misheck mwanamke alisikika akicheka.

"Si binamu," Misheck alisema. "Naenda na yeye Amerika. Kanda itapigwa, yeye atafungua mdomo tu. Wewe rudi Timau, usijichoshe."

"Waambie jina langu. Hiyo tu."

"Jina lako hawalijui. Nikiwaambia sasa, wataona sisi ni waongo."

Simu ikakatika.

Baba yake Kathure alipanda gari mpaka Karurumo kuzungumza na wazee wa Misheck. Walimpa chai, wakamwambia kwa heshima kwamba kijana wao ameshaleta mke nyumbani. Mwezi uliofuata Misheck na Linda walifunga ndoa kanisani Embu, wakasafiri. Kathure alijifungua msichana huku redio ya jirani ikiucheza wimbo wake, na mtangazaji akimsifu Linda.

Mtoto alipoanza kukaa, Kathure alijaribu kurekodi upya. Wenye maduka ya kanda walimkatalia wote. Mmoja alimwambia hawezi kuuza feki wakati watu wanaijua ile halisi.

Mwishowe aliitwa kuimba kwenye harusi ya binti wa jirani. Aliimba wimbo ule ule, na akina mama wakainuka kucheza. Alipomaliza, kijana mmoja aliyekuwa likizo kutoka Amerika, Mithika, alimfuata akampa mkono.

"Dada, unamwiga Linda vizuri sana," alisema. "Nilimwona huko akiimba. Umebakisha kidogo tu umfikie."

"Huo wimbo ni wangu," Kathure alisema. "Ni mimi niliimba."

Mithika alicheka kwa upole, bila ubaya wowote. Alimwambia kila mwimbaji husema hivyo, halafu akawageukia wageni waliokuwa wakisubiri.

"Sasa tuimbie wako," alisema.

Wageni wakapiga makofi. Kathure alimpa Mithika maikrofoni, akaenda kumchukua mtoto wake mikononi mwa mama yake mzazi.