Nauli ya Mtu Mmoja

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya chakula cha mchana, Mama alifuta meza akapanga bahasha zake sita. Baba, aliyekuwa karani, alitoa mshahara wake. Mama akaongeza alichopata kiwandani kwa kushona. Kisha wakagawa: kodi ya nyumba, chakula, gesi, nauli, shule na akiba. Geeta, binti yao wa pekee mwenye miaka kumi na miwili, aliandika kiasi cha kila bahasha kwenye daftari.

Bibi, mama yake Baba, hakukaa nao mezani. Alikaa karibu na mlango, amevaa koti lake zito, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Ilikuwa Januari 1974, na familia hiyo ilikuwa na miaka minne tu tangu ihamie Tooting, kusini mwa London. Kabla ya hapo waliishi Dar es Salaam, na kabla ya hapo Unguja, lakini habari za Unguja hazikuzungumzwa. Geeta aliondoka huko akiwa na miaka miwili. Alichojua ni kwamba Babu alibaki, na kwamba kila ikifika Januari Bibi hakula vizuri wala hakulala. Nyayo za wapangaji wengine zikisikika ngazini, Bibi alizima taa. Mlango ukigongwa, aliweka kidole mdomoni. Polepole Geeta naye akaanza kusikiliza. Akitoka shuleni saa kumi jioni, giza la majira ya baridi likiwa limeanza kuingia, aligeuka nyuma mara tatu au nne kabla ya kufika nyumbani, bila kujua alimwogopa nani.

Mwezi huo bahasha ya gesi ilipungua. Hita yao ilikuwa na mita ya kutumbukiza sarafu. Sarafu zikiisha, moto ulizimika. Mwezi ulikuwa umefika nusu tu, na Mama alikuta peni ishirini.

"Tuliweka paundi tatu," Baba alisema huku akipitia daftari. "Tulizotumia hazifiki paundi moja na nusu. Geeta, umechukua?"

"Hapana, Baba."

"Septemba pia ulisema hapana."

Geeta aliinamisha kichwa. Septemba alikuwa amenunua chipsi kwa pesa za nauli, akadanganya kwamba zimepotea. Uongo ule mmoja ulikuwa bado unamwandama.

Ijumaa iliyofuata, mabomba ya joto ya shule yaliharibika na wanafunzi wakarudishwa nyumbani mchana. Geeta alipoingia, alimkuta Bibi kitandani, koti likiwa magotini na sindano mkononi. Pindo la koti lilikuwa limefumuliwa. Bibi alikuwa akiingiza sarafu humo moja moja.

"Funga mlango!" Bibi alinong'ona. "Kuna mtu nyuma yako?"

"Hakuna mtu, Bibi. Hizo ni pesa za gesi?"

Bibi alishona mishono miwili mitatu, kisha akasema bila kuinua macho, "Siku tulipoondoka Unguja, wakati wa mapinduzi, benki zilikuwa zimefungwa, na pesa zetu zote zilikuwa humo. Mwenye boti alitaka pesa taslimu. Tulikung'uta kila mfuko. Nauli ikapungua ya mtu mmoja."

Geeta alikaa kitandani taratibu.

"Babu yako akasema, 'Nendeni, nitawafuata wiki ijayo.' Wiki ya tatu homa ikamchukua. Nililetewa habari kwa barua. Sikuwapo hata kumuaga."

"Lakini hapa ni London, Bibi."

"Na kule kulikuwa kwetu. Nani alituonya?" Bibi alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama bomba. "Usimwambie baba yako. Niahidi."

Geeta akaahidi.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Baba hakumtuma tena dukani, na alimtazama kama mtoto wa watu wengine. Moto ulipozimika, Bibi alikaa gizani akikohoa, naye Geeta alifungua mdomo aseme. Lakini kila mara alimwona Babu, ambaye hata sura yake hakuikumbuka, amesimama ufukweni akiitazama boti ikienda. Akafunga mdomo.

Alhamisi moja alirudi kutoka shuleni akamkuta Bibi hawezi kuinuka. Kifua kilikuwa kikikoroma. Mama na Baba waliitwa kutoka kazini, na daktari akaja. Alimpima, akatoa dawa, kisha akatazama hita iliyozimika. "Chumba hiki kina baridi mno kwa mzee," alisema. "Kwa nini hamuwashi moto?"

Mlango ulipofungwa nyuma ya daktari, Baba alimgeukia Geeta.

"Ziko ndani ya koti," Geeta alisema akilia. "Bibi, nisamehe. Niliahidi, lakini sitaki ufe."

Baba alipapasa pindo la koti, akafumua uzi. Zikatoka noti zilizokunjwa ndogo ndogo na sarafu nyingi, zilizowekwa kidogo kidogo kwa miaka, jumla paundi ishirini na tatu. Hakuzitia mfukoni. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, umekaa kwenye baridi kwa ajili ya hizi?"

"Safari hii nauli isipungue ya mtu mmoja," Bibi alisema.

Baba alimvuta Geeta karibu. "Nisamehe, binti yangu. Nilikuhukumu kwa kosa la zamani."

"Nami nilimsikia akikohoa nikanyamaza, Baba."

Bibi alipopata nafuu, walikwenda wote posta kumfungulia kitabu cha akiba kwa jina lake. Karani wa dirishani, Bwana Tarsem, alikuwa mzaliwa wa Kisumu. Bibi alimuuliza kwa Kiswahili, "Nikija ghafla, nitapewa?"

"Ukija na kitabu hiki, mama, sehemu ya pesa zako utapewa papo hapo," alijibu Bwana Tarsem. Bibi alikiweka kitabu kifuani, akamwomba arudie maneno hayo mara mbili.

Jumapili ya mwisho ya Februari, bahasha zilikuwa saba. Ya saba iliandikwa jina la Bibi.

"Kabla hatujagawa," Baba alisema, "kila mtu aseme kinachomtia hofu mwezi huu. Tukikijua, tutakipangia. Tusipokijua, kitachota chenyewe kwenye bahasha."

Mama alisema kiwandani kuna uvumi wa kupunguza saa za kazi. Wakaongeza akiba kidogo. Geeta alisema viatu vinambana. Ilipofika zamu ya Baba, aliweka bahasha chini.

"Ile nauli ya boti, mimi ndiye niliyeihesabu," alisema. "Miaka kumi sasa naihesabu tena usingizini. Labda nilikosea."

Bibi aliinuka karibu na mlango, akavuta kiti, akaketi mezani. "Hukukosea, Vinod. Nilisimama nyuma yako nikahesabu pia. Hazikutosha."

Baba alifunika uso kwa mikono. Hakuna aliyemharakisha.

Baadaye Mama alimgeukia Geeta. "Pesa kidogo zinaweza kupangwa, mwanangu. Hata hofu inaweza kupangiwa fungu lake. Lakini jambo linalofichwa, hata likifichwa kwa upendo, huwaumiza wote nyumbani. Mtu akiumia, sema mapema, hata kama uliahidi kunyamaza."

"Nimeelewa, Mama."

"Haya, andika," Baba alisema akijifuta macho. "Viatu vya Geeta, paundi mbili."