Jina la Baba Mkwe

Upepo uligeuka mchana kweupe, sleji zao mbili zilizokokotwa na kulungu juu ya theluji zikaufuata, na Sevne akaliona kosa kabla ya mzee. Matuta ya theluji, yale yanayochongwa na upepo, yalitakiwa kukata njia yao. Sasa yalikwenda sambamba na sleji. Walikuwa wanaelekea baharini, siyo kambini.

Amwambie nani? Aliyeshika hatamu kwenye sleji ya mbele alikuwa baba mkwe wake, na kwa Wanenetsi, wafugaji wa kulungu wa nchi za baridi, mkaza mwana hamsemeshi baba mkwe wala hamwonyeshi uso. Miaka sita ya ndoa Sevne alizungumza na mbwa, mzee akisikia. Mzee naye alimjibu mbwa. Mbwa yule alijua siri za nyumba kuliko mshenga.

"Wewe mbwa," akapaza sauti, "mwambie bwana wetu atazame matuta."

Upepo ukayameza maneno. Angeweza kuruka, akamkimbilie mzee na kumshika bega. Akaona haya, akanyamaza, na Mungu amsamehe kwa hilo.

Tufani ikawafunika. Sleji ya mbele ikatumbukia kwenye korongo la mto. Sevne alipoteremka kwa magoti, alimkuta mzee amelaliwa na sleji, mguu umevunjika. Kulungu mmoja alikuwa amevunjika shingo, bado akitapatapa. Wengine wote walikata kamba wakatokomea, na mbwa nyuma yao. Hapakuwa tena na wa kutumwa maneno.

Akaufunga mguu kwa vipande vya fimbo ya kuendeshea kulungu. Akaisimamisha sleji ubavu iwakinge, akamchinja kulungu, akakinga damu ya moto kikombeni. Mzee alikunywa huku amegeuza kichwa asimwone. Balaa gani hii, heshima mpaka kaburini!

Siku ya pili vidole vya miguu vya mzee vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Sevne akamvua viatu, akaingiza nyayo zile ndani ya koti lake, zikamgusa tumbo. Aibu ilimchoma kuliko baridi. Kisha mzee akaacha kutetemeka. Akatabasamu, akasema anasikia joto, akaanza kuvua koti. Sevne akajua ndiyo dalili ya kufa kwa baridi.

"Mzee, usilale."

Ndiyo maneno yake ya kwanza kwake. Mzee akafumba macho. Sevne akampiga kibao, wapi. Lilibaki jina tu, na jina la mzee kama yeye halitamkwi. Hata mkewe humwita baba Hadko.

"Seroko!" akapiga kelele. "Seroko, amka! Nitamwambia nini mwanao?"

Jicho moja likafunguka. "Nani mpumbavu ananiita?"

"Mimi. Nitukane, lakini usilale."

Akamtukana, yeye na ukoo wake wote. Kila aliponyamaza Sevne alimwita tena, naye akatukana upya, na hasira zikamrudishia kutetemeka. Hivyo hivyo mpaka koo la Sevne likatoa damu.

Hadko, mumewe, alikuwa akiwatafuta na wenzake wawili. Walilisikia jina lile ndani ya upepo, kwa sauti ya mwanamke. Wenzake wakasema ni wafu wanaomwita mzee, turudi. Hadko akageuza kulungu kuelekea sauti.

Hemani mzee akalazwa kando ya moto, akiwa hai, vidole vitatu vya mguu vimekufa. Sevne akakaa mlangoni, uso amejifunika kwa mtandio. Habari ilikuwa imeshaenea. Mama mkwe akachochea moto muda mrefu bila kumtazama.

"Baba Hadko," akasema hatimaye, "ni nani aliyelitamka jina lako huko nyikani?"

Watu wakaacha kutafuna. Sevne akaona bora angefia kule kule.

"Binti yangu," mzee akajibu. "Na binti hamfichi babake uso. Sevne, mwanangu, njoo unimiminie chai."

Akaushusha mtandio, akaenda. Akamimina, machozi yanamtoka mbele ya wote, na nusu ya chai ikamwagika kwenye ngozi zilizotandikwa chini. Mzee alikuwa akimtazama usoni.