Pikipiki ya Vumbi

Saa nane na robo mchana, Alhamisi ya tarehe 13 Novemba 1997, gurudumu la mbele liliacha kuzunguka. Injini ilikuwa bado inanguruma na gurudumu la nyuma lilikuwa bado linasukuma, hivyo pikipiki iliendelea kwenda, lakini ilikwenda kama jembe linalokokotwa na ng'ombe, ikichimba mfereji mmoja mrefu katika udongo mweusi. Muthoka, aliyeshika usukani, aliizuia kwa mabega yake isianguke mpaka ikasimama yenyewe.

"Imeshiba tena," alisema.

Farouk alishuka kutoka kiti cha nyuma na kuzama hadi katikati ya muundi. Aliinama kutazama. Tope lilikuwa limejaa kati ya tairi na madigadi inayolifunika, limeshindiliwa kama ugali uliogandia sufuriani, hata kidole hakikupata pa kupenya. Alichukua kijiti cha mgunga alichokuwa amekichomeka mshipini akaanza kuchokoa. Mvua ilimpiga kisogoni. Tangu waache maduka ya Gatuanyaga alikuwa amefanya kazi hiyo mara nyingi kuliko alivyojali kuhesabu, na kila safari umbali waliokwenda kabla ya kukwama tena ulipungua.

"Na tuing'oe hii madigadi tuitupe," alisema Muthoka.

"Nati zimeliwa na kutu. Spana inateleza tu."

"Basi chokoa pole pole, daktari. Ng'ombe anatungoja."

Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa Kiilu, mkulima mzee aliyeishi ng'ambo ya kijito kilichokuwa mbele yao. Alikuwa amezaa usiku uliopita, akalala chini asubuhi, shingo imepinda ubavuni na masikio baridi. Kiilu alituma jirani mpaka madukani kupiga simu. Farouk, ambaye alikuwa na cheti cha afya ya mifugo na chumba cha dawa pale mtaa wa Landless, nje kidogo ya Thika, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Ilikuwa homa ya maziwa. Ng'ombe wa namna hiyo akitiwa dawa mshipani husimama mbele ya macho ya mwenyewe. Asipotiwa, jioni humkuta amekufa.

Muthoka hakuwa na cheti. Alikuwa mhudumu wa josho la kuogeshea ng'ombe mpaka serikali ilipoyaachia majosho wananchi na wananchi wakayaacha yakauke. Alikaa Ruiru na mkewe Kanini, lakini hapakuwa na boma kati ya Thika na mto Athi ambalo hakulijua, wala fahali aliyemwogopa. Watu hawa wawili walikuwa wameungana miaka miwili: mmoja akitambua ugonjwa, mwingine akijua njia. Waliitana kila jina ila majina yao.

Pikipiki waliichagua pamoja mwezi wa Agosti, katika yadi ya Gathogo pale Makongeni. Zilikuwepo mbili za kufaa, zote zimetumika. Ya kwanza ilikuwa ndefu ya miguu, madigadi yake ya mbele imeinuliwa juu kiasi cha kiganja kutoka kwenye tairi, na cheni yake wazi. Ya pili ilikuwa ya chini. Madigadi ilikumbatia tairi, cheni ilifunikwa kwa bati pande zote, na kichujio cha hewa kilifichwa chini ya kiti.

"Hii ndefu itawalisha vumbi mpaka kwa meno," alisema Gathogo. "Cheni utanunua kila mwezi kama maziwa. Lakini hii ingine ilikuwa ya padre. Haki ya Mungu injini haijafunguliwa. Angalia nati, hata kucha haijagusa."

"Mapadre wote wa Thika wameuza pikipiki hapa," alisema Muthoka. "Wanaenda misa na nini?"

Farouk hakucheka. Aliishika injini kuhakikisha kwamba ilikuwa baridi, haikupashwa moto kabla hawajafika. Alifungua plagi akatazama rangi yake. Alidondosha oili kwenye karatasi nyeupe akaipeleka juani kutafuta chembe za chuma. Alizungusha kila gurudumu kwa mkono. Muthoka aliipeleka mpaka Landless na kurudi akasema ina nguvu ya punda na adabu ya padre kweli. Wakati ule barabara za Gatuanyaga zilikuwa na vumbi la kufunika kiatu, na kila mwenye pikipiki upande huo alilia habari ya cheni na kichujio. Walichukua ile iliyojifunika. Hakuna aliyewadanganya. Walikuwa wamechagua vizuri, kwa nchi waliyoijua.

Oktoba mvua ilianza, na haikuwa mvua waliyoijua. Redio iliipa jina la kigeni. Daraja baada ya daraja lilikwenda na maji, na vumbi lile likageuka gundi.

Farouk alipomaliza kuchokoa, walipanda tena. Nyuma yao, kijito walichokivuka maji yakiwa magotini kilikuwa sasa kinavuma kama lori linalopanda mlima. Wote wawili walisikia. Njia ya kurudi ilikuwa imekwisha kufungwa.

Mteremko wa kuelekea kijito cha pili haukuwa mkali. Muthoka aliushuka kwa gia ya kwanza, miguu yote miwili ikiburura chini kama ya mtoto. Katikati ya mteremko gurudumu la mbele lilikwama tena, ghafla safari hii, na sehemu ya nyuma ikainuka ikapinduka upande. Farouk alirushwa kwenye matope laini. Muthoka alianguka na pikipiki, na paja lake la kulia likawa kati ya tangi na jiwe. Mlio uliotoka Farouk aliutambua. Aliwahi kuusikia mlango wa zizi ulipomwangukia ndama.

Aliinua pikipiki akaisukuma kando. Alikata suruali kwa kisu chake cha kazi. Ngozi haikupasuka. Mguu ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, wayo umegeukia nje, na paja lilikuwa limeanza kuvimba. Mfupa ule ukivunjika, paja huweza kunywa damu nyingi bila tone moja kuonekana. Alijua pia kwamba Hospitali ya Thika ilikuwa ng'ambo ya maji yale ya nyuma yao.

"Ningekuwa ndama," alisema Muthoka kwa meno yaliyoumana, "sasa ungemwambia mwenye boma alete kisu."

"Ndama hana maneno mengi. Lala."

Alikata matawi mawili ya mgunga akayachonga miiba, akayafanya mabanzi, akayafunga kwa kamba ya kuangushia ng'ombe kutoka nyonga hadi kifundo. Kabla ya kufunga, aliuvuta mguu kuunyoosha. Muthoka alilia kwa sauti ambayo Farouk hakuwahi kuisikia kwake, kisha akatapika, kisha akanyamaza akihema.

"Farouk," alisema baadaye. Ilikuwa ajabu kumsikia akimwita jina. "Ile dawa ya kulaza fahali. Nidunge."

"Hapana."

"Kidogo tu. Kipimo cha mbuzi."

"Inashusha pumzi. Ikishuka sana sina kitu cha kuirudisha."

"Sijakuuliza habari ya pumzi, bwana."

"Utafika hospitali ukiwa macho."

"Basi nipe maji. Yamejaa dunia nzima."

"Watakupasua. Tumbo liwe tupu." Alilowesha kitambaa kwenye mvua akampangusa midomo, na Muthoka akakinyonya kitambaa kile kama mwana-kondoo.

Pale walipokuwa palikuwa bondeni, na maji yalikuwa yanapanda. Farouk alitandika koti lake la mvua, akamvingirisha Muthoka juu yake, akafunga mikono ya koti kwa ncha ya kamba iliyobaki na kujivika kamba ile kifuani. Alitazamia kazi ya kuvuta gunia la mawe. Koti liliteleza. Tope lililokuwa limekataa pikipiki lilimbeba mtu bila ubishi, na yeye mwenyewe ndiye aliyezama kila hatua, akianguka, akiinuka na kujifunga upya. Walifika kwenye kituta chenye mawe karibu na ukingo wa kijito, mahali ambapo ng'ambo ilionekana migomba ya Kiilu.

Aliita. Alipiga mluzi. Mvua ilikimeza kila alichotoa.

Paja lilikuwa limekuwa mara mbili ya mwenzake. Mapigo ya Muthoka yalikuwa ya haraka na mepesi chini ya kidole, kama ya ndege aliyeshikwa. Alikuwa mweupe midomoni. Hakutania tena.

"Nidunge," alisema. "Wewe ni rafiki ama ni karani?"

Farouk alifungua mkoba. Chupa ilikuwa imefungwa kwa pamba, haikuvunjika. Alikisia uzito wa mtu kama alivyokisia uzito wa mnyama, kwa jicho, akagawa, kisha akagawa tena. Alivuta dawa ndani ya bomba, akaliinua kwenye mwanga, akagonga povu likapanda. Muthoka alimtazama kama mtu anayemtazama mpishi akipakua. Kisha akafumba macho akamnyooshea mkono.

Ndipo mtu alipopaza sauti kutoka ng'ambo.

"Nani huko? Ni nyinyi?"

Kiilu alikuwa amesimama kati ya migomba, gunia kichwani. "Nilisikia mashini yenu ikilia, halafu ikanyamaza," alipiga kelele juu ya maji. "Nikasema hiyo si kunyamaza kwa kufika."

"Paja limevunjika!" Farouk alijibu. "Ni Muthoka! Ng'ombe je?"

"Achana na ng'ombe! Maji yakipungua nakuja na fahali. Msiondoke hapo!"

Farouk aliitazama sindano mkononi. Sasa kulikuwa na mtu, kulikuwa na fahali, kulikuwa na hospitali mwisho wa njia. Hesabu ilikuwa imebadilika. Alisukuma bomba na dawa ikamwagika topeni.

Muthoka alifumbua macho akaona. Aliurudisha mkono kifuani polepole.

Usiku mzima Farouk alimkinga mvua kwa mgongo wake. Kulipopambazuka maji yalikuwa yameshuka, na Kiilu alivuka na fahali wawili wakikokota gogo lenye panda kama herufi ya V, lililopigwa mbao juu. Wakulima wa upande ule hulitumia kusombea mawe na mapipa. Halina gurudumu. Farouk alitazama jinsi lilivyokuja juu ya tope, likilala juu yake, lisizame.

"Ng'ombe alikufa jana jioni," alisema Kiilu. "Ndama tumempa mbuzi amnyonye." Akamtazama Muthoka, akaanza kutandaza nyasi juu ya mbao.

Walimlaza kwenye nyasi. Kiilu aliongoza fahali, na Farouk alitembea ubavuni akiushikilia mguu usitikisike. Kijito cha nyuma nacho kilikuwa kimepungua; walikivuka maji yakiwa mapajani, gogo likielea kidogo, Muthoka akiwa ameinuliwa mikononi. Alikuwa anapumua haraka sana sasa, na maneno yake hayakufuatana.

"Mwambie Kanini asiweke ndoo pale kitandani. Paa linavuja upande wa dirisha."

"Nitamwambia."

"Si kitandani. Dirishani."

"Nimesikia."

"Nyinyi hamsikii," alisema Muthoka bila hasira.

Farouk aliomba maji. Kiilu alimpa kibuyu, naye akamnywesha Muthoka, mkono mmoja chini ya kisogo, kiasi alichotaka. Hakuwaza tena habari ya tumbo tupu. Muthoka alikunywa na mengi yakamtoka pembeni mwa mdomo.

Walikuwa wameanza kuyaona mabati ya maduka ya Gatuanyaga Farouk alipoweka kidole shingoni na kukosa kitu. Alikihamisha. Aliweka sikio kifuani. Fahali waliendelea kuvuta kwa sababu hakuna aliyewaambia vingine.

"Kiilu," alisema.

Kiilu aliwasimamisha. Alivua gunia kichwani akalishika mbele yake kwa mikono miwili. Mvua ilikuwa imekatika. Mzee yule alisema maneno machache kwa Kikamba, kisha akangoja.

"Twende," alisema Farouk. Hakuuachia mguu mpaka madukani.

Lori la mawe liliwachukua mpaka Thika, na Muthoka akaingizwa mochari kabla ya saa sita mchana. Farouk hakwenda Landless kubadili nguo. Alipanda gari la Ruiru akiwa na tope lililokauka mpaka kifuani, na watu wakamwachia kiti kizima.

Kanini alikuwa nje, anaanika magodoro. Alimwona tangu mbali, akaona anakuja peke yake. Hakupiga yowe. Aliliachia godoro likaning'inia nusu kwenye kamba.

"Yuko wapi?"

"Thika. Amefariki, shemeji. Leo asubuhi, njiani."

Wanawake wawili wa jirani walitoka milangoni. Kanini aliinua kiganja, wakasimama pale pale.

"Aliumia sana?"

Farouk alijua jibu ambalo watu hulitoa. Alikuwa amelisikia katika misiba mingi, na lilikuwa tayari ulimini.

"Ndiyo," alisema. "Tangu jana mchana mpaka karibu na mwisho. Aliomba dawa ya kumlaza. Nilikuwa nayo. Sikumpa."

"Kwa nini?"

"Nilidhani ataishi."

Kanini alimtazama, uso hadi miguu, na tope lote lile. Mmoja wa wale wanawake alianza kulia. Kanini aliingia ndani, akatoka na kiti, akakiweka chini mbele ya Farouk.

"Kaa," alisema. "Niambie yote. Usiruke kitu."

Farouk aliketi.