Kasha Namba Tano

Stesheni ilikuwa imefurika watu, kila mmoja akikimbilia lake, mwalimu wa kompyuta alipotua begi mbele ya kibanda cha kuhifadhia mizigo. Shati lake jeupe lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho.

"Dada, naomba unitunzie. Ndani mna kompyuta."

Mtunza mizigo, gauni la bluu na kitambaa cha njano kichwani, hakulipokea. Udadisi ulikuwa ugonjwa wake tangu utotoni.

"Na ndani ya kompyuta mna nini?"

Mwalimu akacheka. Akatazama makasha sita ya chuma yaliyopangwa mstari mmoja nyuma yake, namba zake zimebanduka zamani. "Mna makasha kama haya yako."

Jibu hilo lilimnasa. Tangu siku hiyo mwalimu akawa anapitia kibandani kila jioni, kompyuta inafunguliwa juu ya kaunta. Akamwandikia int kasha[6]. Akamwambia hiyo ndiyo safu katika lugha ya C: makasha sita yanayofuatana, kila moja limebeba namba yake.

"Na la kwanza linaitwa sifuri."

"Sifuri? Acha utani! La kwanza liwe sifuri?"

"Simama mbele yake. Kutoka mwanzo, umeruka makasha mangapi kulifikia?"

"Sijaruka hata moja."

"Basi ndiyo sifuri hiyo, Bi Funguo."

Jina likamganda. Siku moja Bi Funguo aliiagiza programu yake ya kuorodhesha mizigo isome kasha[6], skrini ikatoa namba ndefu ya ajabu ambayo hakuiandika yeye.

"Hii imetoka wapi?"

"Umelipita la mwisho, ambalo ni namba tano. C haikukatazi, kipenzi. Inakupa chochote ilichokikuta huko."

Alirudi nyumbani akiiwaza namba ile, na zaidi yule aliyemwita kipenzi. Alikuwa amependa, na alijua.

Kisha ikaja simu ya mwalimu. "Chuo cha mji mwingine kinanitaka, Ijumaa natakiwa kusaini. Ila nimekuachia kitu kwenye kasha namba tano. Lifungue, humo ndimo lilimo swali langu. Ukisema ndiyo, siendi popote."

Bi Funguo akayageukia makasha. Akahesabu makasha kuanzia sifuri hadi la mwisho, akafungua. Mlikuwa na kandambili moja, kuukuu, imekatika mkanda.

Shangazi yake, mwenye kibanda, akachungulia. "Mwanangu, hilo si swali. Hilo ni tusi."

Simu ilipoita hakuipokea. Ilipoita tena aliizima, akainama chini ya kaunta alie bila wateja kumwona.

Ijumaa hasira ilikuwa bado haijamtoka, lakini programu aliyoiacha njiani ilimwasha kuliko hasira. Akafungua kompyuta kuukuu aliyoazimwa, akakirekebisha kitanzi, ile amri inayojirudia kasha kwa kasha, kiishie kabla ya sita, akaanza kujaribu. Kila kasha alilifungua mwenyewe: likiwa na mzigo, anaandika moja; likiwa tupu, anaandika sifuri. Alipofika kasha[4], ambalo halikuwa na mteja, akakuta kijisanduku chekundu. Ndani yake mlikuwa na pete.

Alisimama kama aliyemwagiwa maji. Kisha akahesabu upya, safari hii akianzia moja kama alivyozoea maisha yake yote. La tano.

Akapiga simu. "Wewe! Ulianzia ngapi kuhesabu?"

"Moja," mwalimu alijibu kwa sauti ya kuchoka. "Nilihesabu kama wewe na wateja wako, usije ukapotea."

"Na mimi nilianza na sifuri! Nilihesabu kama wewe, laazizi!"

"Mungu wangu. Ukafungua lipi?"

"La mwisho, nikakuta kandambili iliyosahauliwa na mteja. Umeshasaini?"

"Kalamu ninayo mkononi."

"Iweke chini, uje. Jibu ni ndiyo."

Alifika anahema, shati limemganda mgongoni kama siku ya kwanza. Shangazi akajifanya anapanga funguo, macho yote kwao. Mwalimu akaichukua pete, akaushika mkono wa Bi Funguo.

"Kidole cha ngapi?"

"Cha nne."

"Tukianzia ngapi?"

Bi Funguo akaangua kicheko huku machozi yakimtoka, akamnyooshea kidole chenyewe.