Pumzi Ishirini

Kila jioni, nilipomaliza kuosha vyombo, dada yangu aliniita kwa sauti ya kidaktari: "Mgonjwa! Panda kitandani."

Sikuwa naumwa popote. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mzima wa afya, na mwenye hamu ya kula isiyo na adabu. Lakini Dada alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha uuguzi, na alihitaji mtu wa kujifunzia. Mama alikuwa amekataa katakata. Alisema hawezi kupimwa na mtu ambaye yeye Mama ndiye aliyemfunga nepi. Basi zigo likaniangukia mimi. Nilipimwa joto, nikapimwa mapigo ya moyo, nikafungwa bandeji kichwa kizima hadi paka wetu akanikimbia.

Kazi aliyoipenda Dada kuliko zote ilikuwa kuhesabu pumzi. Alinieleza kwamba mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa, huanza kupumua kwa madaha, kama anayepigwa picha. Kwa hiyo muuguzi hasemi. Anakushika kifundo cha mkono kana kwamba bado anahesabu mapigo, macho kayaelekeza kwenye saa yake, kumbe anatazama kifua kinavyopanda na kushuka.

"Dakika nzima," alikuwa akisema. "Si nusu dakika ukazidisha mara mbili. Nzima."

Mimi nilishaijua hila yake, kwa hiyo nilibana pumzi makusudi ili nimchanganye. Alinifinya, tukacheka, akaanza upya.

Alipofaulu mitihani na kupata kazi katika hospitali ya mji wetu, nyumba nzima ilifurahi. Mama ni fundi cherehani, na sare nyeupe ya kwanza aliishona mwenyewe, akaipiga pasi hadi ikasimama bila mtu. Dada akaibana saa yake ndogo kifuani na kuondoka. Jioni alirudi akicheka na kujicheka. Mgonjwa alikuwa ameita, "Nesi!" na yeye akageuka nyuma kumtafuta nesi.

Vicheko hivyo havikudumu. Wiki ya pili Dada alianza kurudi amenyamaza. Alivua viatu mlangoni, akatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto, akabaki ameukodolea macho ukuta.

"Chuoni nilikuwa na wagonjwa wanne na mkufunzi nyuma yangu," alimwambia Mama. "Nikikosea, ananisahihisha. Nikimaliza, anatia sahihi yeye. Sasa nina wagonjwa thelathini, na nikigeuka nyuma naona ukuta. Sahihi ni yangu."

"Utazoea, mwanangu," Mama alijibu. "Hata mimi gauni la kwanza nililishona mikono miwili upande mmoja."

"Gauni linafumuliwa, Mama."

Kulikuwa na muuguzi wa siku nyingi pale wodini ambaye wote walimwita Chapuchapu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwepesi wa miguu na mdomo, na wagonjwa walimpenda. Lakini alimwona Dada akisimama dakika nzima kwenye kila kitanda huku dawa zikichelewa, akamcheka mbele ya watu. "Bado mwanafunzi huyu! Andika ishirini, mdogo wangu, uende mbele. Mtu mzima anapumua ishirini. Imeanza lini kubadilika?"

Dada alilisema jambo hilo nyumbani kwa kulikejeli. Ila neno "mwanafunzi" lilimchoma, niliona. Baada ya siku chache hakulisema tena, na akaanza kurudi mapema.

Mwezi wa pili, Babu Kengele alilazwa katika wodi yake. Babu Kengele ndiye aliyegonga kengele ya shule yetu tangu Mama akiwa darasa la kwanza. Alikuwa na utani mmoja tu, na hakuwahi kuuchoka. Ukikutana naye saa yoyote, hata Jumapili, hata likizo, atakwambia, "Umechelewa wewe! Kengele imeshalia!" Kidonda cha mguuni kilikataa kupona, daktari akasema akae hospitalini wapate kukisafisha kila siku.

Jumamosi moja Dada alisahau chakula chake mezani. Mama akanituma. Nilifika wodini saa saba mchana, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu ikinipanda puani. Chapuchapu alikuwa anaumwa, hakuja kazini, na hakuna aliyeletwa kushika nafasi yake. Dada alikuwa peke yake. Nilimwona akitoka kitanda hiki kwenda kile na sinia la sindano, jasho likimtiririka shingoni.

Nikaenda kumwamkia Babu Kengele, kitanda cha kumi na moja.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Ume..." Akatua. "Umechelewa..." Akatua tena. "Wewe."

Nilicheka kwa mazoea, kisha nikaacha. Mabega yake yalikuwa yanapanda kila alipovuta hewa, na matundu ya pua yalikuwa yanatanuka. Nilimshika mkono kama ninayemsalimia. Ukutani kulikuwa na saa kubwa. Nikafanya vile nilivyofanyiwa mimi jioni nyingi: macho kwenye saa, macho kifuani, dakika nzima. Nikapata thelathini na sita.

Nilimfuata Dada. "Babu Kengele anapumua mbiombio. Nimehesabu thelathini na sita."

"Si sasa, mdogo wangu."

"Dada, kweli."

Aliachia pumzi ya hasira, akaja mpaka miguuni pa kitanda, akaivuta kadi iliyoning'inia pale na kunionyesha kwa kidole. "Soma. Leo asubuhi, saa tatu. Ngapi?"

"Ishirini."

"Haya. Hesabu yako ni ya mchezo, Mgonjwa. Hapa ni kazini. Nenda nyumbani, Mama asije akahangaika."

Niliona aibu. Kadi ilikuwa na mistari na sahihi ya Dada, na mimi nilikuwa mtoto aliyeshika bakuli la chakula. Nikaiamini kadi kuliko macho yangu. Niliacha bakuli mezani, nikamuaga Babu, akanipungia vidole viwili, nikaenda zangu.

Saa kumi muuguzi wa zamu ya jioni alimpima akapata thelathini na nane. Daktari aliitwa, mtungi wa oksijeni ukaletwa, ikajulikana kwamba ni nimonia na kwamba imeshatapakaa. Jumapili nzima walihangaika naye. Jumatatu asubuhi tulikuwa mstarini shuleni wakati mwalimu mkuu alipotuambia kwamba Babu Kengele amefariki dunia. Kengele ya kuingia darasani haikugongwa. Hakuna aliyetaka kuishika. Tuliingia kimyakimya, wengine wakilia, hata wavulana wakubwa wa darasa la saba.

Jioni hiyo Dada hakugusa chakula. Aliniita chumbani kwetu, lakini hakuniita Mgonjwa. Alinilaza, akanishika kifundo cha mkono, akaitazama saa. Nilijua anahesabu pumzi zangu na safari hii sikumtania. Alimaliza dakika akaanza tena. Akamaliza akaanza tena. Machozi yake yalikuwa yananidondokea mkononi.

"Sikuhesabu," alisema.

"Unahesabu, Dada, nakuona."

"Jumamosi. Sikuhesabu hata mmoja. Joto nilipima, mapigo nilipima. Pumzi niliandika ishirini kwa wote thelathini. Halafu ulipokuja kuniambia, nikakuonyesha namba niliyoitunga mwenyewe. Na unajua nini? Wakati ule niliiamini."

"Nani anajua?"

"Hakuna. Leo Sista Mkuu, msimamizi wetu, ameniuliza kama asubuhi ile alikuwa ishirini kweli. Nikasema ndiyo."

"Basi nyamaza," nilisema. Nilimpenda dada yangu, na niliogopa watamvua ile sare. "Mimi sisemi kwa mtu. Nakuapia."

Aliniangalia. Nilidhani atanishukuru. Badala yake alilia zaidi. "Tazama nilichokufundisha," alisema.

Upande wa pili wa pazia, cherehani ya Mama ilikuwa imenyamaza. Mama akaingia, uzi bado shingoni. Hakugomba. Alikaa kitandani kati yetu, akamfuta Dada uso kwa upindo wa khanga.

"Ukisema, unaweza kufukuzwa?" aliuliza.

"Naweza, Mama. Hata leseni inaweza kuchukuliwa."

Mama aliutoa uzi shingoni. Miaka minne alikuwa ameinama kwenye cherehani ile kwa ajili ya leseni hiyo. "Kesho utakwenda," alisema. "Na mdogo wako atakwenda na wewe, kwa sababu yeye alihesabu."

Sista Mkuu alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, na ofisi yake ilikuwa ndogo kuliko jiko letu. Dada alisimama. Alisema yote bila kupamba: ishirini za uongo, onyo langu, lile "ndiyo" la Jumatatu. Hakumtaja Chapuchapu. Sista Mkuu hakumkatiza hata mara moja. Kisha akanigeukia.

"Wewe ulipata ngapi?"

"Thelathini na sita."

"Kwa saa ipi?"

"Ya ukutani. Dakika nzima. Ilikuwa saa saba na robo."

Akaandika. Mkono wake haukuwa na haraka.

"Sista," Dada aliuliza, "kama ningehesabu, angepona?"

Nilimwomba Mungu Sista aseme hapana.

"Sijui," Sista Mkuu alisema. "Alikuwa mzee, na mwili ulishachoka na kidonda. Labda angekufa vilevile. Labda angekuwa amekaa kitandani sasa hivi anatutania. Ninachojua ni kwamba kuanzia saa tatu mpaka saa kumi ni saa saba, na zilikuwa zake. Tulimpotezea."

Alitoa kadi za wodi kabatini, akazipanga mezani. Nilizisoma kichwa chini miguu juu. Ishirini, ishirini, ishirini. Sahihi zilikuwa za watu mbalimbali, za miezi mingi.

"Hizi zote nimezipitia mimi," alisema. "Wagonjwa thelathini, wenye homa na wasio na homa, wanapumua sawasawa kama kwaya, na mimi nikatia sahihi. Nami nitaandika langu kwenye ripoti."

Dada hakufukuzwa. Aliandika maelezo yake kwa mkono, akasimamiwa miezi mitatu kama yuko chuoni, kila kadi yake ikikaguliwa. Lakini kabla ya hayo, siku ileile, ilibidi amweleze binti wa Babu Kengele. Sista Mkuu alikwenda naye, nami nikafuata. Yule mama alisikiliza, mkoba wa nguo za baba yake mapajani. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Dakika moja? Ilikuwa dakika moja?" Dada akasema ndiyo. Yule mama akainuka, akaondoka bila kutuaga, na mpaka leo tukikutana sokoni anavuka upande wa pili. Ana haki.

Baadaye nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi wakati Sista Mkuu alipokuja akakaa kando yangu. Benchi likalalamika. Dada alikuwa ameegemea mlango, macho yamevimba.

"Nisikilizeni wote wawili," Sista Mkuu alisema. "Kila muuguzi mpya anafika siku ambayo kazi inamzidi. Mimi nilifika. Siku hiyo, acha nafasi tupu kwenye kadi. Nafasi tupu haina aibu. Mwenzako akiiona atajua bado haijapimwa, ataipima yeye. Lakini ukiijaza uongo, unamzuia kila anayekuja nyuma yako asimtazame mgonjwa. Na wewe wa kwanza utajidanganya, kama ulivyoona." Kisha akaniwekea mkono begani. "Na wewe, mwanangu, ulihesabu vizuri. Siku nyingine ukiona jambo kwa macho yako, usikubali karatasi ikwambie hujaliona. Sema tena. Wakikufukuza, tafuta mtu mwingine umwambie."

"Nilitaka kumficha Dada," nilisema. Ilibidi litoke.

"Najua. Ungemficha leo, angebaki na uongo huo maisha yake yote, na wagonjwa wake wangebaki nao."

Mwezi uliofuata nilipeleka chakula tena. Chapuchapu alikuwa amerudi, anakwenda mbio kama kawaida yake, lakini niliona kadi mbili zenye nafasi tupu, na moja imeandikwa "bado" kwa mwandiko wake. Dada alikuwa kwenye kitanda cha kumi na moja. Kulikuwa na mzee mwingine pale, nisiyemjua. Mgonjwa wa jirani aliita, "Nesi!" na Dada hakugeuka nyuma kumtafuta nesi. Aliinua kidole kimoja kuomba asubiriwe, mkono wa pili umeshika kifundo cha yule mzee.

Nilisimama mlangoni na bakuli langu. Nilitazama saa ya ukutani, nikatazama kifua kile kikipanda na kushuka. Nilisubiri mtu aniambie nimechelewa, na hakuna aliyeniambia. Tulihesabu wote wawili, yeye kule na mimi huku, dakika nzima.