Legeza Mguu, Mpenzi

Siku ya kupima wanamichezo, ukumbi wa chuo ulifurika hata pa kuweka mguu hapakuwa. Wakimbiaji, wanyanyua vyuma, mabinti wa mpira wa wavu, wote wamevaa kaptura wanasubiri kupimwa moyo, macho na viungo, na harufu ya dawa ya kuchua imegombana na harufu ya soksi mpaka soksi zimeshinda. Kwenye kitanda cha kupimia magoti alisimama binti wa mwaka wa tatu wa tiba ya wanamichezo. Fulana yake nyeupe imepigwa pasi hadi mikono imesimama, nywele kazibana nyuma, usoni hana mchezo.

"Nesi, mambo?"

Akainua macho. Kijana mrefu, kaptura ya njano ya kuumiza macho, soksi moja juu, nyingine imelala kwenye kifundo.

"Mimi si nesi."

"Daktari, basi."

"Si daktari. Lala chali, legeza mguu."

"Hata jina hujaniuliza, ushanilaza?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Binti akajikaza asicheke, akashindwa, akainamia goti la watu kama amedondosha kitu.

"Nasomea tiba ya wanamichezo," akasema alipopata sauti. "Mtu akiumia uwanjani, wa kwanza kumfikia ni mimi."

"Kumbe! Basi mimi naumia leo leo."

Ndivyo walivyoanza, kwa upuuzi, kama wengi wetu. Binti jina la Nesi likamganda. Wiki ya kwanza alilichukia, ya pili akawa asipolisikia anakosa raha. Kijana aliitwa Winga, kwa sababu ndiyo nafasi aliyochezea timu ya chuo. Darasani alisomea elimu ya viungo, awe mwalimu wa michezo endapo mpira ungemkataa. Hakuna aliyeamini kwamba mpira ungemkataa.

Mama wa Nesi alikuwa akipiga simu kila Jumapili.

"Mwanangu, bado mnasomea kukanda?"

"Mama, si kukanda."

"Haya, si kukanda. Na huyo mnayekandana naye, ana kwao?"

"Mama!"

"Nimeuliza tu. Sauti yako imenenepa siku hizi."

Mitihani ya vitendo ilipokaribia, Winga alijitolea mguu wake. Walikaa kwenye mikeka ya mazoezi, mchana madirisha yote wazi, Nesi akitaja misuli mmoja mmoja kwa kugusa.

"Na hapa?"

"Misuli ya nyuma ya paja."

"Na hapa je?"

"Hapo ni utovu wako wa adabu. Toa mkono."

Akamfundisha na kipimo cha kano la katikati ya goti. Mkono mmoja unashika paja, mwingine unavuta mfupa wa muundi kuja mbele. Kano likiwa zima, mfupa unasogea kidogo, unagota. Likiwa limekatika, unateleza tu, hauna mwisho.

"Na nikikaza hapa nyuma?" Winga akauliza.

"Hapo unanidanganya. Misuli inashika kazi ya kano, mimi naona goti zima. Ndiyo maana tunasema legeza."

"Ngoja nijaribu."

Akakaza, akalegeza, akakaza tena huku anaangalia dari kama mtoto wa watu asiye na hatia. Nesi akafumba macho kukisia. Mara nyingi alikosea, wakacheka mpaka mlinzi wa ukumbi akawachungulia. Binti wa watu alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha haulizi anamfundisha nani nini.

Timu ikaingia fainali. Habari zikaenea kuwa wakubwa wa klabu kubwa wangekuja kumtazama winga wa kushoto. Siku hizo mvulana hakulala vizuri, hakula vizuri, na alicheka kupita kiasi.

Kwenye mazoezi ya mwisho aliruka kupiga kichwa, akatua kwa mguu mmoja, goti likapinda kwa ndani. Nesi alikuwa pembeni na begi lake la huduma ya kwanza. Alisikia mlio mdogo, kama kijiti kinavunjwa, akakimbia mpaka akafika hana pumzi.

"Ni kidogo tu, mpenzi. Usinitolee macho hivyo."

"Nimesikia mlio."

"Umesikia kiatu. Nipime basi, ndiyo kazi yako."

Akapiga magoti. Akashika paja, akavuta muundi. Ukasogea kidogo, ukagota. Akarudia. Ukagota. Moyo ulimwambia aite Mwalimu wake, mama mmoja mkali aliyekuwa uwanja wa pili na wakimbiaji, lakini mikono ilimwambia goti zima, na miaka yote mitatu walikuwa wakifundishwa kuamini mikono.

"Vipi?" kocha akauliza.

"Liko imara," akasema Nesi.

Winga akamkonyeza. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni, na Nesi akadhani ni la mazoezi.

Siku ya fainali Winga hakuguswa na mtu. Alipata mpira, akamhadaa beki, akageuka kwa mguu ule ule, goti likamtoka. Alianguka na mpira ukaendelea peke yake hadi nje. Nesi alikimbia tena na begi lake, na alipofika hapo chini akagundua kwamba ndani ya begi hakuna kitu cha kusaidia. Barafu, plasta, bandeji. Akamshika mkono tu.

Picha ya goti ilipotoka, Mwalimu alimwita ofisini.

"Kano limekatika, na halikukatikia kwenye fainali. Uligusa siku ile ya mazoezi?"

"Niligusa, Mwalimu."

"Ukasikia nini?"

"Imara."

Mwalimu alivua miwani. Hakufoka, na hilo ndilo lililomuumiza Nesi. "Nakutoa uwanjani. Kikao cha idara kitaamua kama utamaliza vitendo au la. Siwezi kumkabidhi mtu magoti ya watu kama mikono yake haisikii."

Nesi alirudi bwenini akawa anaomba magoti ya kila mtu. Wenzake wa chumbani, majirani, hata mfanya usafi. Anavuta, anasikiliza, hajui tena anachosikia. Zima linamwambia limekatika, na akirudia linamwambia zima. Alimpigia Winga simu, haikupokelewa. Akapiga tena na tena, akatuma ujumbe: *Nisamehe.* Haukujibiwa. Akajua anamlaumu. Na ana haki, akajisemea, mguu wa watu nimeuua mimi. Mama alipopiga Jumapili alisikiliza kilio mpaka mwisho, akasema tu, "Mwanangu, mimi hayo ya magoti siyajui. Ningekuwa karibu ningekushika kichwa."

Aliyempigia mwishowe alikuwa dada yake Winga.

"Wifi, njoo hospitali. Kaka'ngu hali, hasemi, anatazama ukuta. Kesho wanampasua."

"Hataki kuniona, dada."

"Nani kakwambia? Simu yako ikiita anaikumbatia kifuani mpaka ikate. Njoo."

Alikwenda na gauni la bluu lililokuwa halijapigwa pasi, yeye ambaye hata soksi alizipiga. Wodi ilikuwa na vitanda vingi na mapazia mafupi. Winga amekonda, mguu umewekwa juu ya mto. Dada akasimama, akachukua mkoba wake. "Niwaache kidogo, wifi."

"Nisamehe," Nesi akaanza. "Mikono yangu..."

"Nilikaza."

"Nini?"

"Siku ile. Nilikaza nyuma ya paja. Kama ulivyonifundisha."

Nesi akatafuta kiti kwa mkono, hakukiona, akabaki amesimama.

"Kwa nini?"

"Ungenizuia kucheza."

"Ningekuzuia, ndiyo!"

"Ndiyo maana."

"Unajua nimelalaje siku hizi? Nimepima magoti ya bweni zima! Nimekupigia simu kama kichaa!"

"Niliziona zote. Niliogopa sauti yako." Akatazama ukuta. "Leo asubuhi nimemwambia Mwalimu kila kitu. Anakurudisha uwanjani."

Nesi alisubiri furaha ije. Haikuja. Alitaka kumpiga kibao, alitaka kumkumbatia, akashindwa yote mawili.

"Nipime," Winga akasema.

"Sasa ya nini?"

"Ili ujue mikono yako haina kosa. Nalegeza. Naapa."

Hakutaka, lakini mikono ilikwenda yenyewe. Ikashika paja, ambalo safari hii lilikuwa laini kabisa, limejiachia. Akavuta muundi taratibu. Ukaja. Ukazidi kuja, hauna pa kugota. Alisikia wazi, bila shaka hata chembe, na raha ya kusikia ikakutana na alichokisikia. Machozi yakamtoka.

"Vipi?" Winga akauliza.

"Limekwenda, mpenzi."

"Lote?"

"Lote."

Akajifunika uso kwa mkono. "Nitacheza tena?"

"Sijui."

"Si ndiyo unayosomea?"

"Ndiyo ninayosomea. Na sijui."

Kwenye kitanda cha pili mzee alikohoa, mtu akamletea maji. Winga akafuta uso. "Nilikuwa nimepanga baada ya fainali nije kwenu na kaka zangu. Kuposa. Sasa nije na magongo?"

"Usije kwanza."

"Hunipendi tena?"

"Kama nisingekupenda ningekuwa nimeshaondoka. Tatizo nakupenda. Lakini kesho nikikuuliza kitu, nitakuamini vipi?"

Winga akajaribu kuusogeza mguu wake juu ya mto, akakunja uso.

"Unaumwa?" Nesi akamuuliza.

"Sana."

Akamwamini, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine, akavuta kiti akakaa.